Gurudumu la nyuma ya kamera limenipotezea picha 23 za bibi

Bibi yangu ana wadogo zake wawili, wote wanawake, wote wazee sasa, na ilikuwa imepita miaka mingi hawajakaa watatu pamoja mpaka mwanzoni mwa mwaka huu. Mmoja anaishi mbali sana na kwa umri ule safari si kitu cha kuamka tu asubuhi ukaondoka. Sasa siku hiyo wamekaa nje kwenye benchi, jua la saa nne, wanacheka mambo yao ya utotoni ambayo sisi wengine hata hatuyaelewi, mi nikasema hii siiachi, nikakimbia ndani nikachomoa kamera kwenye begi, nikawasha, nikapiga. Picha 23. Hawakuwa na habari na mimi kabisa, hakuna aliyekaa pozi, hakuna aliyejiweka sawa, wanasukumana mabega kama wasichana.

Zote zimeungua.

Sikujua palepale. Jua lilikuwa kali, skrini nikiitazama nje naona kivuli cha uso wangu tu, na kamera yangu ni ile ya kioo ndani, ukichungulia kwenye kitundu unaona dunia kama ilivyo, haikuonyeshi picha itatokaje. Kwa hiyo nachungulia naona bibi zangu vizuri kabisa, nabonyeza, nasikia mlio, naamini kazi imekwenda. Nimekuja kuona jioni ndani. Ukuta wa nyuma umepotea. Vitambaa vyao vya kichwani vimekuwa doa jeupe lisilo na mwisho. Nyuso zao upande wa jua zimepauka hadi makunyanzi hayaonekani, na mimi makunyanzi yale ndo nilikuwa nayatafuta jamani, ile mistari pembeni ya macho mtu akicheka.

Bibi akaniita, "Haya mjukuu wangu, leta tuone." Nikamwambia bado bibi, nazitengeneza kwanza. Hilo jibu limenikaa moyoni mpaka leo maana nilijua hakuna cha kutengeneza.

Usiku nikafungua taarifa za picha kwenye kompyuta, unajua kila picha inabeba humo ndani kumbukumbu ya jinsi ilivyopigwa, ISO ngapi (wepesi wa kamera kupokea mwanga), shata ngapi (muda mwanga unaoruhusiwa kuingia, 1/125 ni sehemu ya sekunde), apecha ngapi (upana wa tundu la lenzi). Nikakuta ISO 100, apecha f/5.6, shata 1/125. Kwa jua lile na f/5.6 shata ilitakiwa iwe kwenye 1/800 hivi. Nikashuka chini kidogo nikaona mstari wa mwisho: fidia ya mwanga, +2⅔. Mi sijawahi kuweka +2⅔ tangu nimeanza kushika kamera. Siku iliyotangulia nilikuwa kwenye sifuri, nina hakika, picha za jana yake zipo na zinasema sifuri.

Kwa asiyejua hiki kitu kinafanyaje, fidia ya mwanga ni kama kuiambia kamera "najua umepima, lakini ongeza kidogo" au "punguza kidogo". Kila namba moja nzima inazidisha mwanga mara 2, kwa hiyo +1 ni mara 2, +2 ni mara 4, na +2⅔ ni zaidi ya mara 6. Mara 6! Na kamera nyingi zinakwenda kwa theluthi, tiki moja ya gurudumu ni theluthi moja, kwa hiyo kutoka sifuri hadi pale ni tiki 8. Tiki 8 ni nini kwa gurudumu lililo nyuma ya kamera, mahali ambapo kidole gumba kinakaa muda wote, na ambapo kitambaa cha begi kinakwaruza kila unapoichomoa kwa haraka? Ni mzunguko mmoja mdogo tu. Unaweza kuufanya bila mkono wako kujua.

Hapo ndo hasira yangu ilipo, na naomba niiseme kirefu maana nimekaa nayo miezi. Kosa lingekuwa la mtu aliyechagua vibaya ningelala salama. Ningechagua mwenyewe +2⅔ basi ningejifunza, yameisha. Lakini hapa hakuna aliyechagua. Kamera ilibadilishwa na begi. Na ilipobadilika haikusema kitu, haikulia, haikutetema, haikuniuliza "una uhakika?", kifaa hichohicho ambacho nikitaka kufuta picha moja tu mbovu kinaniuliza mara mbili kama kweli nataka kufuta. Kufuta picha moja kunaulizwa, kuharibu picha zote zijazo hakuulizwi.

Kuna mtu nilimsimulia akaniambia ungeangalia kipimo ndani ya kitundu, kile kimshale kilikuwa kimesogea kulia. Ni kweli kilikuwa kimesogea. Kipo chini kabisa, kidogo kama mguu wa mdudu, na mtu anayewatazama watu watatu wanaocheka macho yake hayapo chini kwenye mshale, yapo kwenye nyuso, na ndo yanapotakiwa kuwa. Mwingine akasema ungesoma kitabu cha maelekezo. Nimekisoma. Kina kurasa zaidi ya 300 na nimekisoma chote, mara ya kwanza wiki niliyoinunua na mara ya pili baada ya siku hiyo, na ndiyo, kipo kiswichi cha kufunga lile gurudumu, kimekaa chini yake. Lakini kamera inatoka kiwandani gurudumu likiwa wazi. Na ukikifunga, siku unataka kupiga kwa mkono mwenyewe, yaani modi ya M, gurudumu hilohilo ndo linabeba apecha, kwa hiyo inabidi ufungue, na ukishafungua utasahau kufunga, maana wewe ni binadamu na una kazi ya kufanya.

Nimejaribu kuelewa tulifikaje hapa. Kamera za zamani za filamu, apecha ilikuwa pete kwenye lenzi yenyewe, imeandikwa namba, 2.8, 4, 5.6, 8, na shata ilikuwa gurudumu juu ya kamera nalo limeandikwa namba. Ukiiweka kamera mezani, imezimwa, haina hata betri, unaitazama tu kwa juu unajua iko kwenye nini. Halafu ikaja miaka ya themanini. Minolta 7000 ya mwaka 1985 ikaondoa magurudumu ikaweka vitufe vya kupandisha na kushusha namba, na mwaka uliofuata, 1986, Canon T90 ikaleta lile gurudumu moja la kidole cha shahada pamoja na kijiskrini juu kinachoonyesha namba. Na lazima nikiri lile wazo ni zuri mno, nimewahi kuishika T90 na mkono unaelewa palepale, kidole kinazungusha bila jicho kutoka kwenye kitundu, mtu aliyelifikiria alimfikiria kweli mpiga picha. Karibu kila kamera kubwa leo ina gurudumu la namna hiyo.

Ila kuna kitu kilipotea njiani. Gurudumu hilo halina namba. Halina mwanzo wala mwisho, linazunguka tu, na kazi yake inabadilika kulingana na modi uliyopo, hapa ni shata, pale ni apecha, ukishika kitufe kingine ni ISO. Kwa hiyo likisogea lenyewe, ukilitazama halikuambii lolote, limekaa vilevile kama lilivyokuwa. Pete ya zamani nayo ilikuwa inasogea kwenye begi, sikatai, lakini ilikuwa na mgongano, tak, tak, na ushahidi ulibaki pale juu umeandikwa. Siku hizi kuna kamera mpya zimerudisha gurudumu la fidia lenye namba, na baadhi lina kitufe katikati, unabonyeza limefunga, unabonyeza tena limefunguka, linabaki hivyo mpaka uamue wewe. Hii ndo njia ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kujaribu. Ile ya kubonyeza na kushikilia huku unazungusha siipendi sana, inataka vidole viwili na mkono wa baridi hauwezi, lakini ni heri hiyo kuliko uwazi mtupu.

Na si fidia peke yake. Baada ya siku ile nikaanza kuandika kwenye daftari kila nikiikuta kamera imebadilika bila mimi, na nimeshangaa jinsi kurasa zilivyojaa.

Swichi ya lenzi, ile AF na MF pembeni, yaani fokasi ya kujishika yenyewe na fokasi ya mkono, inasogezwa na ukuta wa begi. Unabonyeza, fokasi haishiki, unadhani lenzi imekufa.

Kitufe cha video chekundu. Hiki kimekaa karibu na kidole gumba na kwenye kamera niliyoazima kwa mwezi mmoja kilikuwa hakina kinga yoyote, nikaja kukuta video nyeusi ya dakika 29 na sekunde 59, ndani ya begi, sauti ya nguo zinasuguana mwanzo mwisho, betri chini na kadi imejaa. Kwa wanaojiuliza kwa nini 29:59, ni mambo ya ushuru wa forodha wa Umoja wa Ulaya, kamera iliyokuwa na uwezo wa kurekodi dakika 30 au zaidi kwa mkupuo ilihesabiwa kuwa ni mashine ya video na ushuru wake ukawa mwingine, basi watengenezaji wengi wakakata sekunde moja kabla. Nashukuru ule ukomo siku ile maana bila huo ingerekodi mpaka kadi ife.

Taima. Hii inaumiza kwa namna yake. Unabonyeza kwa ajili ya mtoto anayeruka, halafu kamera inaanza tii, tii, tii, sekunde 10, mtoto ameshatua, ameondoka, ameenda kunywa maji, ndo inapiga. Na ukiwa na haraka unabonyeza tena ukidhani imegoma.

Tachi skrini na pua. Kwenye kamera zisizo na kioo, wengi wetu tunaochungulia kwa jicho la kushoto pua inagusa skrini na kile kiboksi cha fokasi kinahamia kona. Nilipiga picha za mdogo wangu akihitimu, uso umefifia, mti wa nyuma uko makini kila jani. Nikatafuta kwenye menyu kwa nusu saa nzima mahali pa kuzima eneo la mguso pale pua inapofika, kumbe lipo, ukurasa wa nne wa menyu ya tatu, na limeandikwa kwa jina ambalo mtu hawezi kuliunganisha na pua yake hata kidogo.

Kuna ile ya kitundu chenyewe, hii ilinichanganya kuliko zote. Pembeni ya kitundu kuna kigurudumu kidogo cha kurekebishia macho, dayopta. Mdogo wangu anavaa miwani, aliishika kamera siku moja akavua miwani akakizungusha aone vizuri, hana kosa, ndo kazi yake kile. Kesho yake mimi nachungulia naona ukungu. Nikasafisha lenzi, nikabadilisha lenzi, nikabadilisha tena. Kamera inalia kwamba fokasi imeshika, mi naona ukungu. Nilichukua karibu saa nzima kugundua kwamba picha kwenye skrini ziko safi kabisa, makini kama wembe, ni jicho langu tu lililokuwa linadanganywa. Kwa hiyo kama hili likikupata, piga picha moja ukutani uitazame kwenye skrini kwanza kabla hujaanza kulia.

ISO iliyobaki 12800 kutoka usiku, asubuhi picha zote chengachenga, hiyo kila mtu inamjua. Waiti balansi, ule mpangilio wa rangi ya mwanga, iliyobaki kwenye alama ya balbu ukatoka nje, dunia nzima ikawa ya bluu, nayo hiyohiyo, ila ukipiga RAW, yaani faili ghafi, inarekebishika kabisa maana RAW inabeba kile kihisi kilichopokea kabla rangi haijaamuliwa. Mwanga uliopitiliza ni habari nyingine. JPEG, lile faili la picha la kawaida, ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, kutoka 0 hadi 255, na kitu kikishafika 255 hakina kumbukumbu ya kilikuwa nini, kitambaa, ukuta, shavu la mtu, vyote ni 255. Mimi siku ya bibi nilikuwa kwenye JPEG, kadi ilikuwa inakaribia kujaa. RAW ingeniokolea kidogo, pengine stopu moja, yaani namba moja nzima ya fidia, si zote 2⅔.

Na kuna moja haikuwa bahati mbaya ya begi, ni uamuzi wa mtu kabisa. Kamera nyingi zinakuja na ruhusa ya kupiga picha bila kadi ndani. Inalia, inaonyesha picha kwenye skrini sekunde mbili tatu, unaamini unafanya kazi, kumbe hakuna kinachobaki popote. Imewekwa hivyo ili madukani wateja waweze kujaribu. Yaani mtu aliyekwishanunua kamera anabebeshwa hatari kwa ajili ya mtu ambaye hajanunua. Mi nilipiga karibu picha 40 hivyo. Kama una kamera ingia kwenye menyu leo uzime hiyo kitu, tafuta maneno kama kupiga bila kadi, ni dakika moja tu.

Nachokifanya sasa hivi, kwa anayeuliza. Kwanza nimebandika kipande cha tepu nyeusi ya kitambaa juu ya gurudumu la nyuma, nusu ndani nusu nje, likizunguka lazima lishindane nayo. Sipendi kubandika tepu kwenye kitu nilichokilipia kwa jasho lakini inafanya kazi. Pili nimewasha lile onyo la mwanga uliopitiliza, sehemu zilizoungua zinapepesa nyeusi nyeupe kwenye skrini hata juani unaziona, na kwa kweli hili lingeniokoa siku ile, picha ya kwanza tu ningeona benchi zima linapepesa. Lilikuwa limezimwa kutoka kiwandani. Gurudumu wazi, onyo limezimwa, hebu fikiria hizo mbili kwa pamoja.

Tatu ni zile C1, C2 kwenye gurudumu la modi, kwenye kamera nyingine zinaitwa U1, U2. Unapanga kamera jinsi unavyotaka, fidia sifuri, ISO ya kujipanga yenyewe, fokasi katikati, RAW, unaihifadhi C1, na kila ukizungusha pale kila kitu kinarudi kama ulivyokipanga hata kama begi limefanya fujo gani. Ila chunga, kwenye baadhi ya kamera ukiwa C1 halafu ukabadilisha kitu kwa makusudi, kamera ikilala na kuamka inarudisha ya mwanzo. Mimi hiyo imenikera mara moja jioni kwenye mwanga mdogo, nimeweka kila kitu sawa, nasubiri, kamera ikasinzia, ikaamka imesahau. Lakini kati ya kusahau kwa namna ninayoijua na kubadilika kwa namna nisiyoijua, mi nachagua ya kwanza.

Nimemwambia bibi ukweli wiki mbili baadaye. Nilikaa chini nikamwonyesha zote 23 kwenye kompyuta, moja moja. Alizitazama kimya halafu akaniuliza, "Sasa mbona huyu amekuwa mweupe hivi, ni mdogo wangu huyu?" Nikamweleza habari za gurudumu, akasikiliza mpaka mwisho, akasema pole mjukuu wangu, ukubwa wote wa kamera hii haina mlango wa kufunga?

Kuna moja, ya 17, alinisimamisha hapo. Nyuso hazifai, lakini mikono yao iko mapajani kwenye kivuli cha nguo, na kule mwanga haukufika kuungua. Mikono sita, mmoja umeshika mwingine, mishipa yote inaonekana. Akaniambia nikate hapo nimpe hiyo. Nimeichapisha, ipo kwake.

Jumamosi naenda tena. Mdogo wake wa mwisho atakuwepo, yule wa mbali hatakuja, atapigiwa simu ya video. Kamera iko hapa mezani nikiandika, nje ya begi, tepu ipo, C1, kadi tupu mbili. Nimeiangalia sasa hivi, iko kwenye sifuri, na Jumamosi nikishafika nitaiangalia tena kabla sijamwangalia mtu yeyote.